Sindano ya Alhamisi

"Wee Rishona! Hizo ni mbio au unamsindikiza mgeni?"

Saa moja asubuhi, kipupwe kimekolea, baridi inakata masikio, na Velda Nungarrayi kasimama katikati ya uwanja wa vumbi jekundu na blanketi lake begani, saa ya kupimia muda mkononi, anafoka. Ndivyo alivyofundisha. Watoto kumi na sita wa Kurlpani, kijiji cha jangwani, walimzunguka pekupeku, makamasi yanawatoka, na kila aliyepita mbele yake alipata lake. Yule anapunga mikono utadhani anafukuza nzi. Huyu jana kajaza tumbo chipsi za dukani, leo anahema. Watoto walicheka na kuongeza mwendo. Pale Kurlpani hapakuwa na mtu mwingine aliyeweza kuwatoa watoto wale kwenye magodoro kabla jua halijachomoza. Mchungaji alijaribu akashindwa, mwalimu mkuu hakujaribu kabisa.

"Mamdogo, mimi nimeshamaliza," Rishona alimjibu akiwa anapita. "Hao nyuma ndio wanaosindikiza."

Na kweli alikuwa amemaliza. Alishawapita wenzake wote mzunguko mzima, wavulana wakubwa wakiwemo. Velda aliitazama saa, akaitikisa kidogo, akaitazama tena. Hakumsifu, maana ukimsifu mtoto wa miaka kumi na minne anaanza kukuona huna maana. Lakini moyoni alikuwa anacheza ngoma.

Rishona Nampijinpa alikuwa binti wa Coral, dada yake Velda, tumbo moja. Kwa watu wao mama mdogo ni mama, hakuna cha nusu mama. Coral alimzaa, akamnyonyesha, halafu mtoto alipoanza kutembea akachagua mwenyewe kulala kwa Velda, ambaye hakubahatika kuzaa. Coral hakuona wivu. Alikuwa na mdogo wake Rishona, Sharni, wa miaka saba, na alikuwa na kazi ya kupika jikoni shuleni. Jioni wote walikula kwenye moto mmoja, mkia wa kangaruu na mkate wa kuoka majivuni, wakigombana nani kamaliza sukari.

Hizo mbio zilianza miaka miwili nyuma. Alikuja kijana mmoja wa Kizungu kutoka mjini Alice, Callum, na gari limejaa fulana na viatu. Aliitisha mkutano, akasema michezo itawainua vijana wa vijiji vya mbali. Kuinua! Wazee walisikiliza, wakanywa chai yake, wakaenda zao. Wangapi wamepita pale na mradi wa kuinua? Wa bustani alikuja, wa kuchora alikuja, wa kuku alikuja na kuku wakaliwa na mbwa. Ila huyu alimkuta Velda, na Velda alikuwa na lake rohoni. Alipokuwa na miaka kumi na mitano alichaguliwa kwenda Darwin kukimbia mashindano ya jimbo zima. Wiki ile ile babu yake akafa. Alikaa matangani, lori likaenda bila yeye, na hakuna aliyewahi kumrudia kumuuliza tena. Hakumlaumu mtu. Msiba ni msiba. Lakini kila alipoona mtoto anakimbia vizuri, alilikumbuka lile lori.

Kwa hiyo akazichukua zile fulana, akaweka sheria zake. Hujaenda shule, hukimbii. Umenusa petroli, hukimbii. Umemtukana bibi yako, unakimbia mpaka utapike. Watu walicheka mwanzoni, halafu wakaacha kucheka, kwa sababu wale vijana watatu waliokuwa wanashinda nyuma ya karakana na makopo puani walianza kuonekana uwanjani. Mmoja wao akawa anamshikia saa.

Rishona alikuwa na jambo moja. Alipokuwa na miaka tisa aliugua koo, baadaye homa, baadaye magoti yakavimba, na ugonjwa ukamgusa moyo. Ni ugonjwa ambao huko mijini wameshausahau. Huku jangwani, nyumba moja watu kumi na wawili, blanketi moja watoto wanne, bado unajichagulia watoto unaowataka. Dawa yake ni sindano ya penisilini ya takoni, kila baada ya siku ishirini na nane, miaka na miaka. Dawa yenyewe nzito, inaingia polepole, na mtoto anachechemea siku mbili. Daktari alisema Rishona anaweza kukimbia anavyotaka, moyo wake uko salama, mradi asikose sindano. Akakosa ngapi? Hata moja. Velda ndiye aliyempeleka, miaka mitano, akimshika mkono na kumtania mpaka sindano itoke. Sharni naye aliingizwa kwenye orodha mwaka jana baada ya homa yake ya kwanza. Yeye tarehe zake zilikuwa nyingine, na alimtaka mama yake ampakate.

Mwezi wa nane ukaja mchujo. Mbio zingefanyika Jumamosi mjini Alice, mita mia nane, na msichana wa kwanza anakwenda Darwin. Callum alimvuta Velda pembeni.

"Mama Velda, nikwambie ukweli. Wakubwa wangu wanasema miaka miwili imekwisha, hawaoni kitu. Tukipata mmoja wa kwenda Darwin, mmoja tu, hawataufunga mradi."

"Watoto kumi na sita wanaenda shule, hicho si kitu?"

"Kwangu ni kitu. Kwao hakiingii kwenye picha."

Velda alimwambia awapelekee wakubwa wake picha ya matako yake. Callum alicheka, lakini neno lilibaki.

Sindano ya Rishona ilikuwa inaangukia Alhamisi ya wiki hiyo hiyo.

Rishona mwenyewe ndiye aliyelisema, Jumatano jioni, akiwa anajikuna kisigino. "Mamdogo, kesho nikichomwa, Jumamosi nitakimbia na mguu mmoja."

Velda alikuwa ameshaliwaza siku tatu nzima. Alikuwa anasubiri tu mtu mwingine alitamke.

"Jumatatu," alisema. "Tukirudi tu, Jumatatu asubuhi, kabla ya chai."

"Mama je?"

"Mama yako niachie mimi."

Alhamisi Sista Maureen, nesi wa kliniki, alipita na gari lake, kioo kimeshushwa, orodha mapajani. "Velda! Rishona wangu yuko wapi? Siku yake leo."

"Kaenda porini na bibi yake kuchimba wale wadudu, chungu wa asali. Watalala huko huko."

"Siku ya sindano?"

"Bibi mwenyewe unamjua. Ukimwambia tarehe anakuuliza tarehe ni mnyama gani."

Sista alicheka. Halafu akaacha kucheka. "Jumatatu basi. Usinichezee, Velda, hizi si panadol."

"Jumatatu," Velda alisema.

Jioni Coral akauliza, akiwa anakoroga chai, wala hakuinua uso. "Umempeleka?"

"Tayari."

Neno moja, basi. Kwa nini alimdanganya dada yake? Kwa sababu Coral angemshika mtoto sikio na kumburuta kliniki usiku huo huo, mbio zikafie mbali. Velda alilijua hilo, ndiyo maana akasema tayari. Rishona alikuwa anatazama motoni, anajizuia kucheka.

Jumamosi alikimbia mbio ambazo Velda hakuwahi kuziona kwa mtoto wa mtu. Wasichana wa mjini walikuwa na makocha, na viatu vya spaiki, na mama zao jukwaani na viti vya kukunja. Rishona alikaa nyuma yao mzunguko wa kwanza wote, kwenye mzunguko wa pili akatoka nje, akawapita mmoja mmoja kana kwamba anawasalimia. Velda alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Aliruka, yeye na kilo zake tisini, akamwangukia Callum na wote wawili wakalala chini kwenye nyasi. Mtoto alivuka mstari, akaja moja kwa moja, hakwenda kuchukua maji wala medali.

"Tunaenda Darwin, mamdogo," alisema. "Mimi na wewe."

Velda alilia waziwazi, watu wanamwona, hakujali.

Jumapili asubuhi, bado wako Alice, simu ikaita. Mzee wa ukoo wa Jakamarra amefariki kule Yirlaru. Alikuwa babu wa nusu ya Kurlpani, kaka wa mama yake Velda, mtu wa kulala matanga yake bila kuuliza. Gari halikurudi nyumbani. Liligeuza, likachukua barabara ya vumbi, mwendo wa saa tatu, mpaka Yirlaru, na huko wakamkuta Coral na Sharni wameshafika, wanawake wote wamejipaka udongo mweupe kichwani na kifuani, wamekaa chini, wanalia. Velda alijipaka, akakaa. Hivyo ndivyo inavyokwenda. Hutoki mpaka jamaa wote wafike, na wengine wanatoka mbali, na mpaka wafike hakuna anayekimbia, hakuna anayepiga muziki, hakuna anayeshika mambo yake.

Jumatatu ikapita hivyo.

Yirlaru kulikuwa na kliniki. Tusijidanganye hapa. Velda alikuwa anakiona kibati chake cha kijani kutoka pale alipokaa, kila siku, siku kumi na tisa. Ilikuwa ni kuinuka tu, kumshika mtoto mkono, kutembea hatua mia tatu. Lakini wangemuuliza jina, wangefungua kompyuta, wangempigia Sista Maureen, na Sista angeuliza kama chungu wa asali walikuwa watamu. Na Coral alikuwa amekaa bega kwa bega naye. Kila asubuhi Velda alisema kesho. Kesho watu wa Balgo watafika, kutakuwa na msongamano, nitachomoka naye. Wakafika, hakuchomoka.

Watoto walilala kwenye rundo, kikohozi kikapita kwa wote. Rishona alilalamika koo siku tatu. Velda alimpa chai yenye sukari nyingi. Likapona.

Waliporudi Kurlpani mtoto alikuwa na goti limevimba.

"Ni kukaa sana," Rishona alisema haraka. "Nimekunja mguu wiki tatu."

Velda aliliwekea kiganja. Lilikuwa la moto. Alijua. Sasa hapa ndipo pa kumchukia, na yeye mwenyewe alijichukia baadaye kuliko utakavyoweza wewe: alijua, na bado akauliza, "Linauma sana?"

"Mamdogo, wakiniona hivi watanifuta Darwin. Tafadhali. Siku tatu tu. Likizidi naenda mwenyewe."

"Siku tatu," Velda alisema. Akampaka mafuta ya ndege emu, akamfunga kitambaa, akamwambia avae suruali ndefu ili mama yake asione. Gari la kliniki lilipokuja kuulizia, alimwambia Sista kwamba mtoto yuko kwa shangazi yake, Ivy Nangala, ng'ambo ya mto mkavu. Siku ya tatu goti lilipungua. Siku ya nne likavimba lile lingine, nalo likapungua. Walifurahi hao! Walicheza nyuma ya nyumba wawili hao, wajinga wawili, mmoja wa miaka kumi na minne na mwingine wa arobaini na moja.

Wiki iliyofuata Rishona alisimama katikati ya mzunguko na kukaa chini. Alikohoa, akasema ni vumbi. Wenzake walimpita. Velda hakumfokea, na watoto wote waligeuka kumtazama kwa kuwa hakumfokea.

Asubuhi ya pili yake alikwenda kumwamsha. Rishona alikuwa ameketi kwenye godoro barazani, mgongo ukutani, blanketi mpaka kidevuni, macho wazi. Midomo haikuwa na rangi yake.

"Mbona hujalala?"

"Nikilala nazama, mamdogo."

Velda alimbeba. Mtoto mkubwa vile, alimbeba mgongoni mpaka kliniki, akawa anamsikia anavyohema sikioni. Sista Maureen aliweka kipimo chake kifuani, akasikiliza muda mrefu, halafu akamtazama Velda namna ambayo Velda hakuisahau. Alikimbilia simu. Ndege ya madaktari ilitua mchana. Nafasi ilikuwa ya mtu mmoja wa kumsindikiza, akapanda Coral.

Kwenye hospitali kubwa huko Adelaide walimpasua wajaribu kumwekea vali mpya ya moyo. Siku ya tisa akafa.

Hapo jina lake likawekwa kando. Kwa watu wao marehemu hatajwi, na hapa pia hatatajwa tena. Bango lake ambalo Callum alilibandika mlangoni pa duka, akiwa na fulana ya mbio na meno yote nje, lilichanwa saa ile ile. Nyumba ya Velda ikahamwa, vitu vikatolewa, mlango ukaachwa wazi. Watoto kumi na watano hawakutokea uwanjani, na hakuna aliyewaita. Callum alikuja, akakaa ndani ya gari lake nusu saa, akaondoka. Mradi ulifungwa mwezi huo huo, kwa barua fupi yenye maneno ya heshima.

Coral alirudi na mwili wiki ya tatu. Kwenye kambi ya matanga ndugu walimpokea kwa kilio, na ndani ya kilio hicho habari ikawa inatembea mdomo kwa mdomo. Madaktari wamesema mtoto alikosa sindano. Zaidi ya moja. Mama yake alikuwa wapi?

Siku ya tatu wakaja wa upande wa baba. Mbele yao alikuwa shangazi Ivy, mwanamke mfupi mwenye mikono ya nguvu, ameshika mti wa kuchimbia, fimbo nzito iliyochongwa ncha. Hakuja kwa chuki. Ndiyo kazi ya shangazi: mtoto akifa, waliokuwa na jukumu la kumtunza wanainamisha kichwa, wanapigwa, damu inatoka, na neno linakwisha. Bila hivyo linabaki, linaoza baina ya watu miaka mingi.

"Ulikuwa na kazi moja, kumtunza mtoto!" Ivy alimpigia Coral ukelele. "Mtoto wa kaka yangu! Ulimlinda wapi?"

Coral hakujitetea. Alipiga magoti, akavua kitambaa, akainamisha kichwa.

Velda akajikuta yuko pale, amejitupa juu ya dada yake, anapiga kelele. "Ni mimi! Mwacheni! Mimi ndiye niliyemuua! Ni mimi!"

Na unajua walifanya nini? Walilia zaidi. Kwa sababu ndivyo kila mtu anavyosema matangani. Bibi yake alikuwa ameshasema ni mimi. Baba yake aliyetoka Alice, ambaye hakumwona mtoto tangu Krismasi, alikuwa amejigaragaza vumbini akisema ni mimi. Mama mdogo gani asingesema hivyo? Wanawake walisema tazama, tazama anavyompenda dada yake. Ivy alimpiga Coral mara moja, akampiga Velda mara moja, sawasawa, kwa kuwa wote wawili ni mama. Damu iliwatoka wote, ikachuruzika kwenye ule udongo mweupe. Halafu Ivy akautupa mti, akawakumbatia, wote watatu wakalia mpaka wakachoka.

Kwa watu wote, neno likawa limekwisha. Velda alishonwa nyuzi sita na Sista Maureen, ambaye hakumsemesha. Usiwe mjinga ukadhani alipata nafuu. Pigo lile lilikuwa la msiba wa kila mtu. Lake halikuwa limepigwa.

Siku nne baadaye, asubuhi, Velda na Coral walikuwa wamekaa kwenye moto wa kambini, Coral anamsuka Sharni nywele. Chai ilikuwa imechemka. Mtoto alikuwa anachora duara vumbini kwa kidole.

"Sista alikuja jana," Coral alisema. "Leo ni siku ya huyu. Nimemwambia simleti."

Velda aliweka kikombe chini. "Humpeleki wapi?"

"Kwenye hizo sindano zao. Za nini? Mwenzake alichomwa zote, miaka mitano, hakukosa. Wewe mwenyewe ulikuwa unampeleka. Eti kakosa! Nilimwambia Sista machoni, mdogo wangu hawezi kunidanganya mimi, kompyuta yako ndiyo imelala. Dawa imeshindwa, sasa wanatutafutia sisi kosa." Alivuta msuko, Sharni akasema ai. "Huyu wamwache. Wamemchoma mwenzake, wamempasua, na bado nimerudi na sanduku. Huyu hachomwi tena."

"Mpeleke tu, dada."

"Nimpeleke kwa nini?"

"Mpeleke. Haina hasara."

"Umesikia nilichosema? Kwa nini?"

Velda alimtazama Sharni. Shingo nyembamba, nywele nusu zimesukwa, mguu mmoja unachezacheza. Alitafuta neno lingine la kusema, lolote lile. Angeweza kusema daktari kasema. Angeweza kusema kwa ajili ya baba yake. Coral angemwangalia tu na kuendelea kusuka, kwa sababu alimwamini Velda kuliko madaktari wote wa Adelaide, na imani hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa inakwenda kumuua huyu wa pili.

"Kwa sababu mwenzake hakuchomwa," alisema.

Mikono ya Coral ilisimama. "Sista kakulisha maneno."

"Sista hajanilisha kitu. Ile Alhamisi kabla ya mbio sikumpeleka. Nilimwambia Sista yuko porini. Wewe nikakwambia tayari. Yirlaru nilikuwa naiona kliniki, sikumpeleka. Tuliporudi magoti yalimvimba, yote mawili, nikamvalisha suruali ndefu usione." Alikuwa anasema polepole, hakulia, maana akilia ingekuwa tena matanga. "Nilitaka akimbie, dada. Dawa haikushindwa. Haikuwemo."

Moto ulikuwa unazima, na hakuna aliyeuchochea.

"Yeye alisemaje?" Coral aliuliza mwishowe.

"Alisema sindano itamuuma mguu."

"Mtoto lazima aseme hivyo. Wewe ulisemaje?"

"Nilisema Jumatatu."

Coral alitikisa kichwa taratibu, mara mbili tatu, kama mtu aliyeulizwa jambo akalikumbuka. Velda alivua kitambaa chake. Nyuzi zake zilikuwa bado mbichi. Alipiga magoti pale majivuni mbele ya dada yake, akainamisha kichwa, akausogeza mti wa kuchimbia uliolala kando ya moto mpaka ukagusa mguu wa Coral. Apige. Apige mara moja au mara ishirini, apige mpaka achoke, halafu wale pamoja, walie pamoja, wazeeke pamoja. Hakuwa anaomba kitu kingine duniani. Alifumba macho na kungoja.

Alingoja. Alisikia blanketi likikung'utwa. Alisikia Sharni akiinuliwa, na hatua zao, kubwa na ndogo, zikizunguka moto kupita kando yake.

"Mama, tunaenda wapi?"

"Kliniki."

"Na nywele?"

"Utasukwa baadaye."

"Mamdogo haji?"

"Mamdogo gani?" Coral alisema.